Mchanga wa Vitongoji Vinne

Mwalimu wa hesabu alinichagua kwa sababu sisemi. Alitamka hivyo mbele ya darasa zima: "Huyu hana maneno, hawezi kuongeza chumvi." Darasa likacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kazi yenyewe ilikuwa kumfuata dada mmoja wa chuo kikuu aliyekuja shuleni kwetu, hapa Ihanda, kufanya utafiti wa shahada yake ya pili. Alikuwa anasomea usimamizi wa ujenzi. Alitaka kujua kwa nini majengo yanayojengwa kwa nguvu za wananchi yanachelewa, na alichagua bweni letu la wasichana. Kuta zake zilikuwa zimefika usawa wa juu wa madirisha, zikakaa hapo mpaka majani yakaota juu ya matofali. Dada hakujua Kinyambo, na wazee wa hapa wakianza kueleza jambo la maana, Kiswahili wanakiweka pembeni. Kwa hiyo mimi nikawa mdomo wake. Mimi, ambaye nikitumwa dukani narudi bila kiberiti kwa sababu nilikuta watu wengi.

Nilikubali kwa ajili ya baba. Kwetu ni Bugomora, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba karibu na shule pamoja na wenzangu wawili. Tulikuwa wanne, lakini mmoja wetu alipata mimba akaacha shule. Habari ilipofika Bugomora, baba alipanda bodaboda akaja. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akakataa chai, akasema taratibu, maana baba hapigi kelele: "Bweni likiisha, utaendelea hapa. Januari ikifika halijaisha, unarudi nyumbani kusoma ile shule ya kutwa."

Ile ya kutwa naijua. Haikuwa na mwalimu wa hesabu. Sikulia mbele yake, ila nilipomsindikiza barabarani nilijiambia kwamba bweni hili litaisha, hata kama nitabeba mchanga kwa mikono yangu.

Mchanga ndio ulikuwa tatizo. Kijiji kina vitongoji vinne, nami nitaviita kama watu wanavyoviita: Juu, Sokoni, Bondeni na Ng'ambo, yaani ng'ambo ya kinamasi. Kila hatua ya ujenzi, kila kitongoji kinaleta sehemu yake ya mchanga, mifuko juu ya baiskeli, na kumwaga lundo lake. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, dada akiuliza, mimi nikitafsiri huku nimeshika ncha ya kanga yangu. Jibu lilikuwa lilelile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huyu ndiye mgeni? Mwambie tatizo ni Ng'ambo. Wavivu. Wanakunywa rubisi tangu asubuhi."

Ng'ambo nako walisema: "Sisi? Nendeni mkawaulize wa Sokoni. Mtu wa soko anabeba mchanga?"

Dada alikusanya siku ambazo kila kitongoji kilichelewa katika kila hatua, akapiga wastani. Wote walikuwa karibu sawa, hakuna mvivu. Mbaya zaidi, alipojumlisha, hesabu ilisema bweni lilipaswa kuwa limeshaezekwa. Akavua miwani. "Mdogo wangu, ama hawa watu wananidanganya, ama mimi sijui kuhesabu."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye jengo, maana ndiyo siku ya kazi za maendeleo. Yalikuwepo malundo matatu ya mchanga, saruji ipo, maji yapo, fundi yupo. Watu wamekaa kwenye nyasi wakitafuna punje za kahawa.

"Wanasubiri nini?" dada akaniuliza.

"Watu wa Juu hawajafika. Kuna msiba."

"Si mchanga upo?"

"Upo. Wa Bondeni, wa Sokoni na wa Ng'ambo."

"Sasa?"

Nilimshangaa, naye akanishangaa. Kwangu lilikuwa jambo kama kunawa kabla ya kula, wala sikuwahi kufikiri kwamba ni la kusimuliwa. Hapa hakuna anayegusa lundo la mwenzake mpaka yote manne yawe chini. Wazee wanasema ukianza bila mmoja umemwambia kwamba si mtu, na kesho hatakuja. Fundi akianza, hata watoto watamzomea.

Dada alikaa juu ya tofali akacheka peke yake. "Basi wastani wangu hauna kazi. Unaona kwa nini?"

Sikuona. Niliona baadaye kidogo, mchana uleule, nyuma ya duka la jirani ambako vijana wanacheza ludo. Nilitaka kuomba dadu nne, moja kwa kila kitongoji, nikasimama pale mpaka mmoja akasema, "Dada hesabu, umekuja kutuhubiria?" Wakacheka. Nikaonyesha dadu, nikanyoosha vidole vinne. Wakanipa nne, kwa mshangao nadhani.

Nilirusha dadu moja moja kwenye kizingiti cha chumba chetu. Wakati mwingine mbili, wakati mwingine sita, na katikati yake ni tatu na nusu, kama kitongoji kimoja kinavyochelewa. Kisha nikarusha zote nne pamoja na kuangalia ile kubwa tu, kwa sababu kazi inaisubiri ile kubwa. Tano. Sita. Sita. Nne. Tano. Karibu kila mara tano au sita! Na hakuna dadu mbovu. Leo sita imeangukia huyu, kesho yule. Msiba, soko, mavuno ya kahawa, daraja la magogo linateleza. Wote wazuri, na bweni halisogei.

Dada aliponiona narusha alipiga makofi. Akaniandikia mlinganyo wake, nikauelewa hadi mstari wa pili, wa tatu nikajifanya nimeuelewa kwa kuitikia kwa kichwa. Halafu akasema kitu ambacho sikukipenda: "Mkutano wa kijiji ni Alhamisi. Mimi nitaondoka, hili si lao mpaka mmoja wao aliseme. Sema wewe."

Siku tatu nilitafuta suluhisho, maana kulalamika bila suluhisho wazee hawakubali. Nilimfuata fundi, nikamuuliza kwa sauti ndogo mpaka akaniambia mara mbili, "Eeh? Nini?", kwamba baada ya lenta, zege la juu ya madirisha, na kupaua kuna kazi gani inayokula mchanga. Akasema lipu na sakafu. Nikapata.

Mkutanoni nilisimama. Nilikuwa nimejifunza Kiswahili cha kuhutubia, "ndugu mwenyekiti, wazazi wangu", kikaishia hapo. Mzee mmoja wa Juu akasema, "Mtoto amemeza ulimi." Mwenyekiti akanitazama. "Mwanangu, sema kama unavyosema na mama yako jikoni."

Basi nikasema kwa Kinyambo. Niliwaambia kwamba hakuna kitongoji kivivu, wote wanachelewa sawasawa. Watu wa Ng'ambo wakapiga vigelegele kwanza, kabla sijafika kwenye hoja. Nikasema tatizo ni kusubiri. Tuanze kwa mchanga wa waliofika, na aliyechelewa, mchanga wake ule ule, kipimo kile kile, uwekwe kwa ajili ya lipu na sakafu. Hakuna anayesamehewa, hakuna anayesubiriwa.

"Na asipoleta kabisa?" yule mzee wa Juu akauliza. Hakuwa anatania tena. "Tulishawahi kuanza bila wenzetu, wakasusa. Zahanati ilikaa bila paa. Wewe hukuwa umezaliwa."

Nilisema ukweli: "Sijui, waitu, wazee wangu. Lakini tukisubiri najua. Januari narudishwa Bugomora."

Mama mmoja wa Bondeni akasema kwa sauti, "Na wangu pia. Baba yake kashasema." Mwingine akaitikia nyuma. Sikujua kwamba tuko wengi. Mwenyekiti akasema tujaribu kwa lenta tu, kisha tutazame.

Jumamosi ya lenta waliochelewa walikuwa walewale wa Juu, kitongoji cha mzee yule mwenyewe. Walifika na baiskeli zao wakakuta zege limeshamwagwa. Wakasimama. Hakuna aliyezomea, kila mtu alikuwa anamtazama mzee. Akaliangalia zege, akaingiza kidole kujua kama ni kweli, akanigeukia. "Lipu ni upande gani?" Nikamwonyesha. Wakamwaga mchanga wao pale, wengi wao wakiwa wamenuna, na wawili wakageuza baiskeli wakarudi nao nyumbani. Hao hawajarudi mpaka leo. Sisemi kwamba kila mtu aliridhika.

Lakini lenta ilikauka, mkanda wa zege wa juu ya ukuta ukafuata, mbao zikapanda, na Desemba mabati yalikuwa juu. Dada alishaondoka na takwimu zake. Alinipigia kupitia simu ya matroni, mlezi wa wasichana shuleni, akasema msimamizi wake wa chuo ameukubali ule mstari wa tatu. Nikamwambia bado siuelewi. Akasema nitauelewa.

Januari baba alikuja na godoro langu limefungwa nyuma ya bodaboda. Akazunguka bweni. Akagonga ukuta. Lipu imefika nusu, sakafu ipo vyumba viwili, na pale penye mlango wa mbele pamening'inia turubai.

"Mlango uko wapi?"

"Unakuja, baba."

"Unakuja lini?"

Sikusema uongo. "Sijui."

Akaanza kukaza kamba za godoro kwenye pikipiki. Nilimkimbilia fundi, nikaazima futi kamba, nikapima tundu la mlango, upana juu na chini maana haukuwa sawa, kisha urefu, nikamwandikia baba vipimo kiganjani mwake kwa kalamu kwa sababu hakuna karatasi. "Mgrevilea ule wa kando ya kibanja cha migomba ulisema utaukata. Unatosha mlango," nilimwambia. Sijawahi kumwagiza baba yangu kitu. Alikisoma kiganja, akaondoka na godoro.

Wiki ya kwanza ya masomo nililala kwenye mkeka kwa matroni. Jumamosi akarudi kwa Fuso la ndizi, amekaa juu ya mikungu, mlango umelala pembeni yake na godoro juu ya mlango. Fundi akaufunga bawaba. Baba akaniambia niingie, nishushe komeo, yeye abaki nje. Akausukuma kwa mkono, kisha kwa bega, kisha akarudi nyuma akaja na uzito wake wote, wasichana wakipiga kelele ndani.

Mlango ulikaa. Nikamsikia upande wa pili akihema.

"Haya," akasema. "Soma."