Siku Niliyosema Gari Ina Moto

Kuna watu Kariakoo mpaka leo wakiniona wananiita Faya, na mimi naitika tu, maana nikikataa itabidi nieleze, na nikieleza naaibika upya. Lakini ninyi ni watu wangu, basi sikilizeni.

Marehemu baba aliacha gari ndogo yenye injini iliyokufa kabla yake, ikakaa uani kwetu Gerezani kuku wanalala ndani, nikajisemea haiuzwi hii, natoa injini naweka mota ya umeme. Miaka miwili, jamani. Mota ya kwanza (ya foklifti iliyochakaa) iliungua siku ileile niliyoifunga, chuma cha kuiunganisha na giaboksi kilikatika mara mbili, betri nikawa naokoteza mojamoja kwenye bajaji za umeme zilizokufa, nikifika nusu zile za mwanzo zimeshaharibika. Kila ikigoma nilinuna, siongei na mtu, nalala, naamka, naanza tena. Siku moja mama akaniambia amechoka kuiona gari ya mumewe imetolewa matumbo, ameshaongea na watu wa vyuma chakavu, wanakuja Jumatatu.

"Ila Jumamosi nina arusi Mchikichini," akasema. "Ikinifikisha, waambie wasije."

Jumamosi ikatoka uani kimya kabisa. Mama kakaa mbele na sare yake ya zambarau na kilemba, mkoba wake mkubwa kauweka katikati yetu, namwona anaipapasa dashibodi kwa vidole. Ningeshika njia yangu tungefika. Lakini mimi na kiherehere changu nikaona tukatishe katikati ya Kariakoo, tupite mbele ya duka la Bwana Dipak, muuza spea, ambaye kila nikienda kwake alikuwa ananiuliza kwa upole, "Kijana, treni yako imefika wapi?" Nilitaka anione, basi.

Gari ikazima mbele ya duka lake hasa. Nyuma mikokoteni, mbele watu. Nikafungua boneti (hapo ndipo nilipojimaliza), watu wakajaa, mbeba mizigo mmoja akapeleka mkono kwenye waya mnene akiuliza huu wa nini, na mimi kwa hofu nikapaza sauti, "Usiguse, ina moto!"

Sasa sisi mafundi, waya wenye umeme tunasema una moto, na betri yenye chaji ina moto. Wao walisikia moto wenyewe, na Kariakoo neno hilo halina mzaha, watu wana mali zao pale.

"Moto uko wapi?" mmoja akauliza.

"Kwenye betri," nikajibu, bado sijaelewa.

"Betri ipi?"

"Zote. Za mbele na za nyuma, zimejaa kabisa."

Mama akavutwa nje na kina mama wawili. Muuza juisi akamwaga ndoo yake ya maji ndani ya boneti, mwingine mchanga, halafu Bwana Dipak mwenyewe, mzee wa watu, akatoka mbio na mtungi wa kuzimia moto akaumaliza wote, unga mweupe kwenye viti, kwangu mimi, na kwa mama na sare yake. Mimi nikawa nasema "haina moto, ina moto tu", maneno ambayo hata mimi nikiyakumbuka siyaelewi.

Unga ulipotulia wakatafuta moshi, hakuna. Bwana Dipak akaniuliza, "Kijana, moto gani huu?" Nikamweleza. Akautazama mtungi wake mtupu, akanitazama mimi, akarudi dukani. Hapo ndipo watu walipoanza kucheka na mimi nikapata jina.

Nikaingia garini kujificha, nikaona kitu. Mkoba wa mama umeteleza ukalalia kitufe chekundu nilichokiweka katikati ya viti, kile cha kukata umeme wote ikitokea hatari. Gari haikuwa na ubaya wowote. Nikamwambia mama.

"Ningejuaje?" akasema, anajipangusa kope. "Miaka miwili uko na gari ya mume wangu, hata siku moja hujaniita ukanionyesha."

Kuchekwa na soko zima hakukuniuma kama neno lile, maana siku zote nilijiona nahangaika kwa ajili yake na baba, kumbe nilimfungia nje ya gari yake mwenyewe.

Yeye akapanda bajaji kwenda arusini na unga wake. Mimi, betri zimeshalowa maji na mchanga, nikasukumwa mpaka nyumbani, na aliyesukuma kwa nguvu zaidi ni yule mbeba mizigo niliyemkemea.

Jumapili mama akaleta kigoda uani. Nikawa naanika betri huku namweleza, hii inafanya hivi, hii vile, zilizokufa ni hizi. Aliuliza maswali mengi, mengine yakanishinda.

Tangu hapo nimeapa neno lile silitamki mbele za watu, nasema umeme. Aliyelitamka mara ya mwisho uani kwetu ni mama. Jumatatu watu wa vyuma chakavu walikuja, mmoja akaweka mkono kwenye boneti, na mimi nikasogea pembeni, maana Mchikichini hatukufika na makubaliano ni makubaliano. Mama hakuinuka kwenye kigoda wala hakupaza sauti.

"Toa mkono, baba," akamwambia. "Hiyo bado ina moto."