Mwogeleaji Aliyefia Nchi Kavu

Nilipoambiwa fundi wetu wa nguo amefariki, neno lililonitoka bado linanitia haya: "Mto umemchukua?" Mama mboga aliyeniletea habari alinishangaa. "Mto gani, mzee? Ameanguka hapo kwa cherehani, sare ya mtoto ikiwa mkononi." Nilikaa kwenye gunia la ndengu. Baadaye nikasikia soko zima limeuliza swali langu lile lile. Miaka yote tulikuwa tumemchagulia kifo cha maji. Kufa kwake pakavu, mchana kweupe, kulitushtua kana kwamba ametudanganya.

Mimi si msomi, na huenda nimekosea mengine, lakini hili nililiona. Mama huyu fundi aliogelea mto Athi. Jumapili baada ya ibada, maji yakiwepo, alivuka hadi kile kisiwa cha mchanga chini ya soko letu, akaota jua mpaka nguo zikamkaukia mwilini, kisha akarudi. Sisi wengine wa huku maji tunayajua ya kuchimba mchangani. Mto ukijaa, tunasimama ukingoni tukiungoja upite. Mwaka mmoja aliwaomba wazee wa kanisa awafundishe wasichana wa kwaya kuogelea. Nilikuwepo kikaoni. "Mama," mzee mmoja akamwambia, "wana wa Israeli walivuka bahari miguu mikavu. Wewe hawa wetu unataka kuwalowesha kwa nini?" Akajibu, "Musa akifika na fimbo yake, mzee, nitaacha. Kabla hajafika, si wajifunze?" Tulicheka, pasta naye akacheka, kisha akakataa. Nisimwonee: siku chache kabla ya hapo mamba alikuwa amemkamata mwanamke akiteka maji, na pasta ndiye aliyekwenda kumwambia mumewe. Ningekuwa yeye, sijui ningesema nini. Mama alisema "Haya" tu, akaendelea kuogelea peke yake.

Alipaswa kuzikwa kwa mumewe, ng'ambo ya mto, upande wa Kitui. Siku ya mazishi kwetu jua liliwaka, lakini huko juu mvua ilikuwa imenyesha, na tulipofika na sanduku kisiwa hakikuonekana. Barabara ya kwenda darajani ilikuwa imekatika. Ng'ambo tuliwaona watu wa boma wamesimama na majembe, mumewe mbele yao akipunga kofia, sauti yake haitufikii. Tuliweka sanduku juu ya viti. Kwaya iliimba mpaka nyimbo zikaisha. Dereva mmoja wa lori akasema, "Tyubu za kufanya sanduku lielee ninazo, na kamba ninayo. Nani atavusha ncha ya kamba?" Macho yote yalirudi kwenye sanduku. Pasta alikuja kusimama karibu nami, akasema polepole, "Wale wasichana wa kwaya ni watu wazima sasa. Wangeweza kuivusha."

Sijui kama hata marehemu mwenyewe angeyaweza maji yale. Ninalolijua ni dogo: mtu akiomba kutufundisha kitu tunachokiogopa, tumwulize kwanza atafundisha vipi, ndipo tukatae ikibidi. Sisi hatukumwuliza. Kwa hiyo siku ile tulifanya lile tunaloliweza: tulikaa ukingoni na marehemu wetu, tukaungoja mto upite.