Alinitania kwa siri yangu mbele ya mchumba wangu, nami nikamjibu kwa yake

Admin, naomba jina na sura yangu vibaki kwako. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minane, Msukuma wa Kishapu, nimesoma hadi chuo kikuu na sasa nafanya kazi kwenye maabara ya kupima sampuli za mawe hapa Geita. Sina marafiki wengi, na huyu ninayemsimulia alikuwa wa kwanza. Nimwite Mwajuma. Ni Mzaramo, ameolewa huku na dereva wa lori, Msumbwa wa Runzewe, na wana mtoto wa miaka sita, Shabani. Majina yote nimebadilisha.

Mnajua Msukuma na Mzaramo ni watani. Tangu chuoni ananiita mchunga ng'ombe, namwita mcheza ngoma. Mtani hakasirikiwi. Akikusema mbele za watu unacheka, ukinuna wewe ndiye huna adabu.

Miaka mitatu iliyopita nilifanyiwa upasuaji Mwanza, kizazi changu kikatolewa. Mwajuma alilala sakafuni kando ya kitanda changu siku tisa, akaniogesha, akamwaga mikojo yangu. Hata mama yangu nilimwambia ni uvimbe tu. Mwaka jana nikapata mchumba, kijana wa kwetu, mpole, na nikashindwa kumwambia. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Kwao wakapeleka ng'ombe kumi na wawili nyumbani, mimi bado nimefunga mdomo. Hilo ni kosa langu, msihangaike kunikumbusha.

Wiki ya mwisho wa mwaka tulikubaliana kula kwa zamu: mimi na mchumba wangu, Mwajuma na mumewe, na rafiki yetu mmoja mwalimu. Jumatatu ilikuwa kwangu. Nilipika kuku wa kienyeji, nikachemsha na michembe, vile viazi vikavu alivyonitumia mama, na karanga. Mwajuma akakiinua kimoja akakigeuzageuza.

"Mtani, hivi ndivyo mnavyolisha mifugo, au vya wageni viko jikoni?"

"Kula, mwenzangu. Nyie mmeuza viwanja mpaka minazi, hicho ni chakula cha wenye mashamba."

Mumewe alicheka mpaka soda ikampalia. Huo ndio utani ninaoujua.

Jumatano tulikuwa kwa mwalimu, mbuzi wa kuchoma na bia kwa wanaokunywa. Mazungumzo yakafika kwenye harusi yetu. Mwajuma akamgeukia mchumba wangu, vidole vikimeremeta mafuta.

"Shemeji, pole. Ng'ombe kumi na wawili kwa jike lisilozaa."

Watu wakaangua kicheko. Mchumba wangu naye akacheka, akasema, "Huyu? Huyu ni wa mapacha." Mimi nilicheka kuliko wote.

Nilimfuata jikoni. "Unajua ulichosema?"

"Nimetania. Wewe umesema tumeuza minazi, nimekushtaki?"

"Mwajuma."

"Basi mwambie mwenyewe. Mwaka mzima unamzungusha. Yule kaka si mtu wa kufanyiwa hivyo."

Labda alikuwa na haki. Lakini Alhamisi, kwake, alirudia. Alimpakulia mchumba wangu pilau hadi sahani ikafurika, akasema, "Shiba, shemeji, kwenu hakutakuwa na mtoto wa kugombania nyama." Safari hii mchumba wangu hakucheka. Alinitazama mimi, akaendelea kula polepole.

Ijumaa nilijifungia ndani nikitafuta neno. Nataka mjue nililitafuta, halikunitoka kwa bahati mbaya. Kule wodini, siku niliyolia zaidi, Mwajuma alinipa siri yake ili nisijione niko peke yangu: Shabani si wa mumewe.

Jumamosi mchana walikuja kwangu kufunga wiki. Nilikaanga sato, nikapika wali. Baba Shabani alikuwa anasimulia jinsi mwanawe anavyopenda magari, kwamba damu haipotei. Nikamwekea samaki mkubwa, nikitabasamu.

"Shemeji, Wazaramo kwa ngoma huwawezi. Ukiwa safarini na lori, kwako ngoma inalia. Huyo Shabani ni wa mpiga ngoma, si wa dereva."

Mwalimu alicheka peke yake. Mwajuma alitakiwa anijibu palepale, ndivyo watani wanavyofanya. Hakujibu. Alitazama sahani yake, na mumewe akamtazama yeye. Halafu Baba Shabani akasimama, akatoka bila kunawa mkono.

Amemchukua mtoto, amempeleka Runzewe kwa bibi yake, naye amebaki hukohuko. Juzi Mwajuma alikuja kwangu. Hakunitukana. Alisema, "Nenda kamwambie ulikuwa unatania. Mimi hanisikii, wewe atakusikia." Alilia mbele yangu, na nisiwafiche, nilifurahi. Namchukia kwa namna ambayo sikujua ninayo, na bado nakumbuka mikono yake ikiniogesha.

Mchumba wangu alikuwa chumbani, alisikia yote. Alisubiri aondoke.

"Utaenda?"

"Sijui."

"Nenda, au usiende. Lakini uniambie na mimi. Kama ulichomwambia yule bwana kilikuwa kweli, nilichoambiwa mimi kilikuwa nini?"

Amesema atarudi Jumapili kusikia jibu, na tangu juzi hajapiga simu.

Nikienda Runzewe kusema ulikuwa utani, Shabani anarudishiwa baba pekee anayemjua, na Mwajuma anapona. Lakini nitakuwa nimemdanganya mtu machoni, na mchumba wangu atauchukua uongo huohuo kama jibu lake, aje anioe akisubiri mapacha. Nikimwambia mchumba wangu ukweli, atajua na la Shabani ni kweli, na yeye na Baba Shabani wanaongea kila siku. Mlioolewa, na mlioachwa pia, niambieni: nianze na mwanaume yupi, na nimwambie nini?