Tanuri Mahali pa Ukuta

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ambayo ukuta wetu wa nyuma pale Buyenzi ulilala chini. Haukupigwa na bomu, ingawa miaka ile kila kilichoanguka Bujumbura kilisingiziwa bomu. Ulipigwa na mvua tu. Tulipotoka nje tulimkuta Muzee Laurent amesimama upande wake, mswaki mdomoni, tukatazamana kwa aibu kama watu waliofunguliana mlango wa bafu.

Muzee Laurent alikuwa karani wa wizara. Alifukuzwa mtaa wa Ngagara na watu waliomjua kwa jina, akaja kupanga nyumba iliyopakana na yetu, sisi Waswahili wa Buyenzi ambao tulisifiwa na kulaumiwa kwa jambo lile lile: kupokea kila mtu. Kabila lake sitalitaja. Wakati ule lilitajwa vya kutosha.

Mimi nilikuwa kijana wa chuo kikuu, na chuo kilikuwa kimefungwa. Nikarudi kwa Bibi yangu, Bibi Hadija, nikiwa na nusu ya shahada na hamu kamili ya piza. Ndiyo, piza. Likizo moja niliosha vyombo katika mkahawa wa mgeni mmoja kando ya ziwa, na nililitazama tanuri lake la matofali kwa umakini ambao hakuna mwalimu wangu aliyewahi kuupata. Vita vilipokuja, mgeni akapanda ndege na mkahawa ukafungwa. Niliwalilia ndugu zangu kama kila mtu. Kisha, nilipokuwa peke yangu, nikaililia na piza. Unaweza kucheka. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kwa hiyo ukuta ulipoanguka, wenzangu waliona hasara na mimi nikaona tanuri. Nilikuwa nimeshaanza kuyakwangua matofali udongo wa zamani walipoingia vijana wa zamu, wale waliotulinda usiku na kututisha mchana. Kiongozi wao alikuwa Saidi, niliyecheza naye mpira tangu hatujui viatu.

"Asalam aleikum, Bibi. Huu ukuta muujenge. Ijumaa ya wiki inakuja tukipita, tuukute umesimama. Yule mutu wa kule atatuletea shida."

"Mutu gani?" Bibi akauliza. "Mi naona jirani."

"Bibi, we unaelewa."

"Apana, sielewi, mi nimezeeka. Hebu nieleze kwa sauti, na yeye asikie."

Saidi alinigeukia mimi. "Ijumaa, profesa," akasema, wakaondoka.

Muzee Laurent alikuwa amesikia. Alivuka kifusi taratibu, tai shingoni, maana alivaa tai hata siku ambazo wizara haikufunguliwa. "Jengeni, wanangu," alisema. "Mi nitatafuta kwingine. Kuhama nimekwisha zoea." Nyuma yake mkewe alikuwa ameshaanza kukunja godoro. Alilikunja, likafunguka. Akalikunja tena, akalikalia.

Hapo nikaona ni wakati wa kutoa neno la msomi. Nilisema tujenge ukuta kwanza, tanuri litangoja mpaka vita viishe. Nilisema polepole, nikichagua maneno. Ulikuwa woga mtupu, lakini nilikuwa nimeupiga pasi.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, na alipokasirika alishusha sauti badala ya kuipandisha.

"Vita viishe? Vilikuandikia vinaisha lini? Dada yako ataolewa vita vikiisha. Nyumba tutaipaka rangi vita vikiisha. Sasa na hamu ya kula unaviachia vita? We umesoma mupaka umesahau kutaka kitu! Jenga tanuri lako. Na ulijenge pale pale ukuta ulipokuwa, wanitafute mimi."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi wenye vyeo. Sijawahi kukemewa vile.

Tulianza mchana ule. Muzee Laurent alishika kamba ya kupimia bila kuivua tai. Tulipiga msingi katikati ya pengo, upande mmoja tukaacha njia ya mtu kupita. Juu ya meza ya matofali tulirundika mchanga mbichi, tukaufinyanga kama tumbo la mjamzito, tukaufunika magazeti yaliyoloweshwa. Yalikuwa magazeti yaliyotangaza amani. Angalau yalipata kazi. Juu yake tukapanga matofali kwa udongo wa mfinyanzi, duara baada ya duara, mpaka yakakutana kileleni. Udongo uliposhika tulichota mchanga wote kupitia mdomoni mwa tanuri. Kuba lilibaki limesimama, na mimi nikabaki nimefumba macho mpaka nilipoambiwa niyafumbue.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu: mdomo uelekee kwa nani? Bibi alisema uelekee kwa jirani, maana ndiye mgeni. Muzee Laurent alisema hapana, uelekee kwetu, maana ndio wenye matofali. Walibishana kwa adabu kali mpaka chai ikapoa. Mwishowe mdomo tukauelekeza kwenye ile njia, asimame mbele yake yeyote wa upande wowote. Kisha kila siku tukawasha moto mdogo wa kukausha, mdogo kweli, wa kuchemshia birika, kwa sababu tanuri bichi ukilipa moto mkubwa linapasuka. Subira ile iliniuma kuliko njaa.

Wakati ule nchi za jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Mazuti, yaani dizeli, hakuna, waoka mikate wengi wamefunga. Bibi alijua hilo kuliko nilivyodhani. Alhamisi alijitanda mtandio wake, akapita nyumba kwa nyumba mtaa mzima, asiniambie alikwenda kusema nini.

Ijumaa, baada ya swala, Saidi na wenzake walikuja. Tanuri lilikuwa jekundu ndani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, na nyuma yake wanawake wa mtaa wamejipanga na sinia zao za unga uliokandwa, zilizofunikwa vitambaa.

"Bibi, ukuta uko wapi?"

"Huu hapa. Uguse."

"Nilisema ukuta, Bibi. Vunjeni hiki kitu," akawaambia wenzake.

"Vunjeni," Bibi akasema bila kuinuka. "Lakini mungoje kidogo. Mukate wa mama yake Saidi uko ndani."

Hakuna aliyesogea. Kutoka kwenye foleni sauti ya Mama Saidi ilipanda: "We Saidi! Ukiuangusha huo mukate usirudi kwangu leo, na kesho usirudi!"

Kijana mmoja alicheka, akajifanya kukohoa. Saidi alilitazama tanuri, akamtazama Muzee Laurent, aliyekuwa amesimama na koleo la kugeuzia mikate na tai yake. Nikampa kipande cha piza yangu ya kwanza. Ilikuwa na nyanya, vitunguu na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na umbo lake lilikuwa la nchi ambayo bado haijagunduliwa.

"Hii ni nini?"

"Piza."

Akatafuna. "Hii ni chapati iliyopata ajali," akasema. Lakini aliimaliza, akabeba mkate wa mama yake ukiwa moto mikononi, akaenda zake. Ukuta hakuutaja tena. Jioni ile mke wa Muzee Laurent alilikunjua godoro.

Sikudanganyi kwamba tanuri lilimaliza vita. Viliendelea miaka. Usiku wa risasi jirani zetu walipita kwenye ile njia kuja kulala kwetu, na usiku mwingine sisi tukaenda kwao, tukijipasha mgongo kwenye matofali tukipita.

Basi, mwanangu, ninalokuambia ni hili. Wakikuamuru ujenge ukuta, jenga kitu ambacho mama zao watakihitaji. Na hamu yako usiiweke akiba mpaka siku njema zije. Mtu akikufanya uache kutaka, hana haja tena ya kukufukuza. Taka piza. Taka harusi, taka rangi ya kijani mlangoni. Taka kwa sauti.

Mungu akupe unga mzuri na kuni kavu. Akupe jirani wa kukuambia ukweli kuhusu chumvi. Na wakija kuuliza ukuta uko wapi, wakukute umekaa kwenye kigoda, hujainuka.