Sleyum na Neno Lililokatwa Mkia

Shemeji yangu Sleyum alikuwa Mwarabu mkubwa mpaka siku alipofika Uarabuni. Unguja, mtaani kwetu Malindi, hakuna aliyethubutu kumwita Mswahili. Alikuwa karani wa forodha, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na kila akipata nafasi alikukumbusha kwamba babu yake, Yaarub, alitoka Omani, katika bonde ambalo jina lake yeye mwenyewe alilitamka kila siku kwa namna nyingine. Ikaja 1964, tukakimbia na roho zetu: yeye, mkewe Mahfoudha ambaye ni dada yangu, na mimi Nasriya, mdogo mtu, niliyechukuliwa kama furushi la ziada. Tukateremka Matrah, huko Omani. Hapo bandarini kuli mmoja akamtazama Sleyum, akamwuliza kitu, akalisikiliza jibu, kisha akawageukia wenziwe akasema, "Zinjibari." Mtu wa Unguja. Uarabu wake wote ulikwisha kwa neno moja la kuli.

Kiarabu chake kilikuwa cha Msahafu na cha kubahatisha. Akisoma Kurani kwa sauti nzuri, sitamnyima haki yake, lakini kusoma ni kingine na kuzungumza ni kingine. Mimi na Mahfoudha tulijifunza kwa wanawake wa kisimani, kwa kuulizana na kuchekana. Sleyum hakuuliza, kwa sababu anayeuliza amekiri kuwa hajui. Badala yake akajitungia njia. Aliamini kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichoota mkia, na kazi yako ni kuukata tu. Kitabu, kata, kitab. Sanduku, kata, sanduq. Safari, safar.

"Mnaona?" akitwambia. "Nyinyi mnahangaika bure. Lugha tunayo, ila imejifunga kanga."

Siku moja sokoni muuza tende alimpunja. Sleyum akapanda mori, akataka kumwambia kwamba ana hasira. Akakata mkia. "Indi hasir!" akanguruma. Sasa, kwa Kiarabu hasir ni mkeka. Yule muuza tende akamtazama mikononi, akatazama na nyuma yake, akamwuliza huo mkeka anauuzaje. Soko zima lilicheka. Unadhani alijifunza? Alirudi nyumbani akasema watu wa Matrah hawajui Kiarabu fasaha.

Nnamcheka, lakini lililokuwa likimla lilikuwa kubwa. Mzinjibari yeyote alihitaji sheikh wa ukoo wake aseme, "Huyu ni wetu." Bila ya neno hilo ulikuwa mgeni wa kuvumiliwa, leo uko, kesho uulizwe unangoja nini. Sheikh wa bonde la babu yake aliitwa Sheikh Ghanim. Yeye mwenyewe alikaa Matrah tangu utotoni, na bonde lake alilijua kwa tende alizoletewa tu. Alimpa Sleyum kahawa, akamsikiliza, akamwambia, "Kila meli inatuletea wajukuu. Nionyeshe nyumba ya babu yako." Nyumba ipi? Ilikwisha kuanguka zamani, udongo umerudi kuwa udongo. Sleyum alikuja nyumbani akalala kutwa amejifunika gubigubi, na Mahfoudha akawa anatembea kwa ncha za vidole kama kuna maiti ndani.

Katika 1966 makampuni yakaanza kuchimba mitaro ya bomba la mafuta, kutoka bara hadi pwani. Kampuni moja, ya wakandarasi wadogo wenye makelele makubwa, ilikuwa ikitafuta mtu anayejua Kiingereza, na Kiingereza Sleyum alikuwa nacho, cha forodhani. Wakamfanya mkalimani. Mtu asiyeweza kununua tende bila ya kuuza mkeka alipewa kazi ya kusimama baina ya Mwingereza na watu wa Omani. Hakuna aliyemjaribu Kiarabu chake. Mwingereza hakukijua, na sura ya Sleyum ilikuwa na ndevu.

Basi akatujia Bi Rahila. Huyu alikuwa mjane mchunga mbuzi wa bonde lile lile la babu yake Sleyum, akituletea samli, mwanamke mkali asiyecheka ila kwa sababu. Alisikia bomba litapita kwao, akataka mkalimani wa kampuni aje aone kabla hawajachimba. Tukapanda Land Rover ya kampuni, yeye, Sleyum, Mahfoudha na mimi, dereva tukamwacha kivulini mlangoni mwa bonde, tukaingia kwa miguu.

Palikuwa na jabali refu kama ukuta wa ghorofa, limepigwa na jua mpaka likawa jeusi, na juu yake michoro iliyogongwa kwa jiwe. Wapanda farasi wenye mikuki. Ngamia na ndama wake. Mbuzi wa milimani, pembe zimepinda mpaka zinagusa mgongo. Mingine ilikuwa ya kale hata imerudi rangi ya jabali, inabidi uinamishe kichwa ndiyo uione. Nilimwuliza Bi Rahila nani kachora. "Sisi," akasema, kama vile nimemwuliza nani kapika chakula cha jana. Chini ya michoro hiyo kila nyumba iliyowahi kuchunga pale iligonga alama yake, ile ile wanayowachoma ngamia wao. Alizitaja moja moja kwa fimbo yake, hii ya fulani, hii ya fulani, mpaka akafika kwenye duara lenye miguu miwili.

"Hii ya nyumba ya Yaarub," akasema. "Aliyekwenda Zinjibar asirudi."

Baba yake Sleyum aliichonga alama hiyo hiyo kwenye kifuniko cha sanduku lao la Malindi. Sote tuliijua, mimi nimekalia sanduku hilo utotoni mara nyingi. Sleyum aliweka kiganja chake juu ya jiwe akaangua kilio, mtu mzima, kwa sauti. Siku ile sikumcheka. Bi Rahila alimwacha alie, kisha akamwambia, "Umefika kwenu, mwana wa Yaarub."

Hiyo ndiyo nyumba aliyotakiwa kumwonyesha Sheikh Ghanim, na vijiti vya kampuni vya kuonyesha njia ya bomba, vyenye vitambaa vyekundu, vilikuwa vinakuja moja kwa moja mpaka kifuani pa jabali.

Sleyum akamwendea mhandisi. Huyo alikuwa Mwingereza mwekundu, mwenye kaptura na jibu la kila kitu. Akaja, akalitazama jabali, akasema ni mikwaruzo. Wachunga mbuzi kila mahali wanakwaruza. Ana macho mawili na miwani juu yake, na vyote hivyo havikumtosha kumwona mpanda farasi aliye mbele ya pua yake. Lakini, akasema, kampuni haitaki ugomvi na masheikh. Sheikh Ghanim akisema jabali hili lina thamani, atavihamisha vijiti. Asiposema, bomba litapita. Wamekuja na mashine za kupasua milima, na bado walitaka mtu mwingine awaambie kwamba mlima una kitu.

Sleyum alirudi nyumbani anang'ara. "Kwanza tuliokoe jabali," akatwambia, "halafu hapo hapo nnamwonyesha Sheikh alama yetu. Mbele ya Mzungu, mbele ya kila mtu!"

"Basi mwachie Bi Rahila aseme," nikamwambia. "Yeye ndiye mwenye lugha."

"Nasriya, shemegi yangu, baraza la wanaume hilo."

Siku ya siku Sheikh Ghanim alikuja na vibarua wake, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwapeleka kampuni. Mhandisi alisimama upande huu, Sheikh upande ule, Sleyum katikati na kanzu yake inayokata. Mimi na Bi Rahila tulisimama mbali kidogo, pamoja na mbuzi. Sleyum akakohoa, akaanza. Alitaka kusema kwamba jabali hili lina michoro ya mababu zetu, waliyoifanya kwa mikono yao, nasi tunaipenda, isiguswe. Maneno mazuri. Likampotea moja tu, hilo la michoro. Akalitafuta kwa Kiswahili, akaliona sanamu, akalikata mkia.

Kwetu Unguja sanamu ni picha. Kitabu cha watoto kina sanamu, na ukutani mtu hutundika sanamu ya marehemu baba yake, amrehemu Mungu. Kwa Mwarabu sanam ni kitu kimoja tu: kile kinachoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu.

"Ya Sheikh," akasema Sleyum kwa Kiarabu, kwa sauti ya Ijumaa, "jabali hili lina sanam za mababu zetu. Walizifanya kwa mikono yao. Sisi tunazipenda."

Sheikh Ghanim akainamisha sikio. "Mababu zetu walikuwa na nini?"

"Sanam!" akarudia Sleyum, kwa nguvu zaidi, akidhani mzee hasikii vizuri. "Sanam nyingi!"

Bi Rahila alipiga ukelele pale tulipo. "Rusum, ya Sheikh! Rusum!" Michoro, michoro. Nami nikapiga ukelele. Sheikh Ghanim hakugeuza hata kilemba. Labda angetusikia tungekuwa na ndevu. Ameambiwa mbele ya watu wake na mbele ya Mzungu kwamba ukoo wake unapenda masanamu, na hakuna jibu ila moja. Akasema astaghfirullah, akawaonyesha vibarua nyundo zao.

Mhandisi akamwuliza Sleyum, "Anasemaje?"

"Amekubali," akajibu Sleyum, uso umechanua.

Nyundo ya kwanza ikampata ngamia. Hapo ndipo Sleyum alipofahamu kwamba kuna kitu hakukifahamu. Akawakimbilia, akamshika mmoja mkono, akatafuta neno jengine la kuokoa, na kichwani mwake likaja picha, akalikata nalo mkia. "Pich!" akawa anapiga kelele. "Pich, ya Sheikh! Pich!" Hakuna aliyejua ni kitu gani. Walimsogeza pembeni kama mtu aliyepandwa na shetani, wakaendelea, na waliposhuka hadi chini kwenye alama wakazivunja nazo, kwa vile mkono ulikwisha kukolea.

Mhandisi alizitazama kokoto zile akasema, vizuri, basi vijiti vibaki palepale. Kabla ya kuondoka akapiga picha moja ya mbuzi wa Bi Rahila, maana mbuzi walimpendeza. Vifusi wakavimwaga barabarani ili magari yao yasikwame. Mwaka uliofuata mafuta yakafika pwani, wakubwa wakapigiana makofi, na Omani nzima ikaambiwa kwamba sasa ndiyo inaanza. Watu waliokuwa wakipanda farasi juu ya jabali lile kabla Uingereza haijajua kushona kaptura, ndio wanaanza!

Bi Rahila hakutuletea samli tena.

Sleyum aliendelea na kazi yake ya ukalimani. Niliona ajabu, mpaka nikatambua kwamba kwa kampuni hakukosea kitu. Nyumbani aliacha kuzungumza habari za babu yake. Mahfoudha akimwuliza akisema, "Mambo ya zamani hayo."

Ikaja 1970. Serikali ikawa mpya, ikataka watu waliosoma, na Wazinjibari waliotawanyika Cairo na London wakaanza kuteremka uwanja wa ndege wa Azaiba na masuti yao, wakipewa afisi. Sleyum naye akataka. Kilichotakiwa kilikuwa kile kile: sheikh wako aseme wewe ni wake. Akarudi kwa Sheikh Ghanim. Mzee hakumfukuza. "Nyumba huna," akamwambia. "Lete mtu mmoja wa bondeni aseme anakujua, yatosha."

Tukaenda kumtafuta Bi Rahila, mimi na yeye, na shela nzuri ya hariri ndani ya karatasi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Shela hakuigusa. Akafunga zizi, akapanda gari, akakaa karibu yangu njia nzima. Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani amesamehe.

Barazani kwa Sheikh walikuwa wamekaa wazee kadhaa. Mimi nilibaki mlangoni, nasikia kila kitu.

"Rahila," akasema Sheikh Ghanim, "unamjua mtu huyu?"

"Namjua."

Nilimwona Sleyum akishusha mabega.

"Huyu ndiye yule Mzinjibari," akasema Bi Rahila, "aliyesema wazee wetu waliabudu mawe."

Wazee wakatazamana. Sheikh Ghanim akaagiza kahawa, na kikombe cha Sleyum kikaletwa kama cha mgeni, kwa adabu zote. Bi Rahila akatoka, akapita karibu yangu, akashika njia ya kwao kwa miguu. Kwenye gari hakurudi.

Nyumbani Mahfoudha alikuwa kasimama mlangoni tangu asubuhi. "Enhe? N'ambie! Kasemaje Bi Rahila?"

Sleyum alivua kofia yake, akakaa kwenye ngazi.

"Kasema ananijua," akajibu.

Dada yangu akapiga vigelegele, virefu, mtaa mzima ukasikia, na jirani wakaanza kuitikia madirishani. Sleyum hakumkataza. Mimi, mwenye ulimi kuliko wote nyumbani mule, nikaichukua kofia yake nikaenda kuitundika ndani.