Wasifu wa Mtu Niliyemchukia

Habari ya kifo chake ilinikuta Tunduma, kwenye kibanda nilichokuwa najazia fomu za madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Nilikuwa na digrii, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimeipata: kuandika majina ya watu, namba za magari na aina ya mzigo. Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Mama alikuwa ameandika: "Mzee wa kanisa amefariki jana jioni. Tunazika kesho saa tisa. Njoo." Dereva wa Kizambia aliyesimama mbele yangu alinisalimu "mulishani" mara mbili, sikumjibu. Nilikuwa nacheka.

Nilicheka kidogo tu, halafu nikaogopa. Nikajiuliza kama kucheka kifo cha mtu ni dhambi inayohesabiwa peke yake au inaingia ndani ya ile ya chuki, ambayo nilishajua ninayo. Nikawaza kwamba Mungu ameniona. Kisha nikawaza kwamba aliona pia yaliyotokea miaka tisa nyuma na akanyamaza, kwa hiyo na mimi anivumilie. Kwenye fomu ya yule dereva niliandika mahindi mahali pa shaba, ikabidi nianze upya.

Miaka tisa nyuma mambo yalikuwa hivi. Kwetu ni Nanyala, kando ya barabara kuu, enzi hizo bado tukihesabiwa mkoa wa Mbeya. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama alikuwa na kashamba ka kahawa, na siku ya kuchuma aliwaita majirani wamsaidie. Watu wa namna hiyo unawapikia togwa, kinywaji kisicholevya, na togwa inataka kimea, yaani ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Mama akaanika kimea chake kwenye mkeka uani. Shida ni kwamba kimea hicho hicho ndicho kinachopikiwa pombe. Ukikiona juani huwezi kujua kitaishia kwenye chungu gani, mpaka umwulize mwenye mkeka.

Mzee wa kanisa alipita, akakiona, hakuuliza. Jumapili alisimama mbele akatangaza kwamba kuna mama wa kikundi cha maombi anayepika pombe kwa siri. Mama akasimama hapo hapo.

"Ni togwa, mzee. Njoo uonje."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza mama.

"Mimi si mtoto wa kuonjeshwa," alisema mzee. "Kimea nimekiona kwa macho yangu."

Mama akatengwa. Ili arudi kundini alitakiwa asimame mbele ya kanisa zima aseme: nilipika pombe, naomba mnisamehe. Alikataa kulisema neno ambalo halikuwa kweli. Baba naye akaacha kwenda meza ya Bwana. Alisema hawezi kula yeye wakati mke wake amekaa nje.

Kahawa ya mwaka ule haijakauka vizuri, baba akashikwa na kichomi. Siku nne. Nilikuwa kidato cha pili, na siku ya tatu nilikuwa bado nawaza mtihani wa jiografia. Alipokufa, mzee wa kanisa alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi, akasema nyumba yetu iko chini ya adhabu: kengele haitapigwa na kwaya haitakuja. Mwinjilisti mmoja alikuja kwa huruma yake tu, akaomba upesi upesi huku akigeuka kuangalia nyuma. Wasifu haukusomwa.

Kwetu, kabla jeneza halijaenda kaburini, mtu husimama na karatasi. Anasoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma mpaka wapi, alioa lini, alifanya kazi gani, aliugua nini, ameacha nani. Kwa fundi baiskeli hiyo ndiyo siku pekee ambayo maisha yake yanasomwa kutoka kwenye karatasi watu wakiwa wamenyamaza. Baba hakuipata. Nyuma ya daftari langu la jiografia niliandika: "Siku ya yule mzee ikifika nitakuwepo."

Baadaye alikuja mchungaji mpya. Akamwambia mama arudi tu, ya zamani yamekwisha. Mama akarudi, akakaa benchi la mwisho, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwa sauti kwamba ilikuwa togwa.

Asubuhi ya mazishi nilishuka kwenye gari pale Nanyala nikiwa sijui nimekuja kufanya nini hasa. Kumwona ndani ya jeneza, nafikiri. Kuhakikisha. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, mwenye duka la mbolea, aliniona kabla sijafika kwenye turubai.

"Msomi huyo! Umekuja saa yake. Wasifu haujaandikwa."

"Na watoto wake?"

"Mkubwa yuko njiani anatoka Ndola. Huyu mdogo akishika karatasi mbele za watu anatetemeka kama ameshika waya wa umeme. Wewe una digrii, na tangu uipate hatujaiona ikifanya kitu. Leo ifanye."

Waliokaa karibu wakacheka kwa ile sauti ndogo ya msibani. Nikasema sawa. Nilisema haraka mno, nikabaki na wasiwasi kwamba amesikia furaha ndani yake.

Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka sebuleni, kanga mbili kichwani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo mezani, kwenye kiti chake. Kingine kibovu."

Nikakaa kwenye kiti chake. Koti lake la Jumapili lilikuwa limening'inia kwenye msumari, karibu na bega langu. Mama yule akaanza kutaja na mimi nikawa naandika: alizaliwa Mbebe, akaja huku kijana kufuata kahawa, alisoma mpaka darasa la nne, watoto saba, walio hai watano. Aliugua? Hakuugua. Alikwenda shambani kung'oa kisiki, akakaa chini, hakuinuka. Nilipofika chini ya karatasi nilishangaa kwamba pamebaki nafasi ya vidole vinne. Mtu wa miaka sitini na kitu alikuwa amekwisha kwenye mstari wa ishirini na tatu, na mwandiko wangu si mdogo.

"Na utumishi kanisani?" nikauliza. Hapo ndipo nilipokuwa nangojea.

"Mzee wa kanisa, miaka ishirini na miwili." Akaangalia mlangoni kama kuna mtu anaingia. "Kuna lile la mama yako."

Kalamu ikasimama.

"Alijua kwamba ilikuwa togwa. Mdogo wangu alikuwepo siku ya kuchuma, akanywa vikombe vitatu, akaja hapa akamwambia: shemeji, ile ni togwa, tena tamu, umemkosea yule mama. Baba yako alikuwa hajaugua."

"Alijua baba akiwa hai?"

"Alijua."

"Sasa mbona hakusema, mama?"

"Alisema atasema. Kwanza aliona aibu kwa kuwa ameshatangaza. Halafu baba yako akafa, aibu ikazidi. Kila Jumapili akivaa hilo koti anasema, leo napita kwa yule mama. Akifika njia panda anakata kulia. Majuzi hapa kwenye chai ameniambia, kahawa ikishaondoka nitakwenda." Alifuta uso kwa pindo la kanga. "Sijui kama hayo ni ya kuandika. Wewe ndiye uliyesoma."

Miaka tisa nilikuwa nimemchukia mtu niliyedhani amekosea. Sasa kumbe alijua, alikuwa anaahirisha tu. Alikuwa amejipimia siku mwenyewe kama mtu anayekata kitambaa kutoka kwenye jora lisiloisha, Jumapili baada ya Jumapili, na mama yangu kwenye benchi la mwisho akimwona kisogo. Nikaomba karatasi nyingine.

Ya kwanza niliinakili safi, bila lile jambo, nikaitia mfuko wa kulia. Ya pili niliijaza mbele na nyuma. Niliandika mwoga. Niliandika mnafiki. Niliandika kwamba alimzika baba yangu kama mtu asiye na kanisa huku akijua, na kwamba sasa ameitwa bila taarifa na koti lake limebaki msumarini. Sentensi ile ya koti niliipenda sana. Niliirudia kimoyomoyo kwa sauti nitakayoisomea. Nikaitia mfuko wa kushoto. Baada ya dakika kumi sikuwa na hakika ipi iko wapi, nikaenda nyuma ya choo kuangalia. Nikarudi. Nikaenda tena.

Mara ya tatu nikitoka huko nilikutana na mama. Alikuwa na akina mama wenzake wanamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu.

"Una tumbo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi una karatasi."

Nikamvuta pembeni kwenye migomba, nikamsomea ya kushoto yote, kwa sauti ya chini. Nilimweleza pia alivyoniambia mjane. Mama alisikiliza akisugua utomvu kwa jani kavu. Aliposikia kwamba mzee alijua, jani lilisimama mkononi, kisha akaendelea kusugua.

"Umeandika vizuri," akasema. "Imejaa. Ya baba yako iko wapi?"

"Ya baba ipi?"

"Wasifu wa baba yako. Hawakuusoma, sawa. Wewe uliuandika?"

Kumbe tangu kidato cha pili mpaka chuo kikuu, katika insha zote na barua zote za kuomba kazi, sikuwahi kuandika hata mstari mmoja juu ya baba. Maneno yote nilikuwa namwekea huyu mzee. Nikajaribu kuanza kichwani pale pale kwenye migomba: alizaliwa... Sikujua kijiji. Nikawaza wasifu wangu nikifa njiani kurudi Tunduma: alizaliwa, alisoma, alijaza fomu, alichukia. Mistari minne.

"Nisiisome?" nikamwuliza.

"Wewe ni mtu mzima. Ila ukisoma usinitazame kama unaniletea zawadi." Akageuka kurudi kwenye ndizi, kisha akasimama. "Na la togwa lisipite leo bila kusemwa. Leo likipita, limepita."

Saa tisa wakaniita. Watu walijaa mpaka barabarani, malori yakipunguza mwendo. Nikatoa karatasi ya kulia, nikasoma. Mbebe, darasa la nne, watoto saba. Sauti yangu haikutetemeka, jambo lililonishangaza. Nilipofika kwenye utumishi nilisoma miaka ishirini na miwili, halafu nikainua uso na kusema maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi yoyote.

"Katika utumishi wake marehemu alimtenga mama mmoja kwa sababu ya kimea. Kimea kile kilikuwa cha togwa. Marehemu alikuja kujua kwamba ni togwa. Alikusudia kwenda kumwambia mama huyo, akiwa bado na muda. Hakwenda."

Mwenyekiti wa kamati alikohoa na kuniangalia kwa macho ya kuniomba nimalize. Kwenye benchi la wazee wa kanisa vichwa vitatu vilikuwa chini. Nilitaka waendelee kuwa chini. Nilihesabu pumzi tano kabla sijaendelea, na zile pumzi tano, nasema kweli, zilikuwa tamu. Kisha nikasoma ameacha mjane, watoto watano na wajukuu, nikakaa. Sikumwangalia mama. Nilimwona mjane tu. Alikuwa ameinua uso, na alionekana kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

Mchungaji alihubiri juu ya ufupi wa siku zetu na kwamba mwenye akili huzitumia akijua Mungu anamwona. Nimesikia hayo katika kila msiba. Siku ile nilisikiliza kwa hasira, nikitaka jeneza nalo lisikie, mpaka nilipokumbuka kwamba jeneza halina tena la kufanya, na kwamba kati ya mimi na yeye mwenye njia panda mbele yake ni mimi.

Sijamsamehe. Naandika hivyo kwa sababu Mungu anajua hata nisipoandika. Naombea hilo siku nyingine, na siku nyingine naomba tu nisife kabla sijaanza kuliombea kwa dhati. Karatasi ya kushoto niliitia kwenye moto wa ndizi, ingawa ile sentensi ya koti iliniuma.

Sikurudi Tunduma siku iliyofuata. Madereva wakatafute mtu mwingine, nilisema, nikaketi na mama, kalamu mkononi. Alikuwa na kimea kipya. Safari hii hakukianika uani. Alibeba mkeka mpaka kando ya njia ya kanisani, akautandaza mahali ambapo huwezi kupita bila kuuzunguka, akamwaga ulezi wake na kuusawazisha kwa kiganja, taratibu, kama anayetandika kitanda cha mgeni.

Waumini wawili wakapita. Mmoja akasema, "Kimea kizuri, mama. Cha nini?"

"Asante kwa kuuliza," mama akajibu. "Cha togwa."

Walipopita akakaa kwenye kigoda karibu na mkeka, akaniambia niandike. Baba alizaliwa upande wa Ileje, karibu na mto, mwaka ambao mahindi yaliliwa na viwavi. Baiskeli ya kwanza aliifungua yote akashindwa kuifunga, akapigwa na mwenye baiskeli, akarudi kesho yake akaifunga. Nikauliza alimwoa lini. Mama akacheka, akasema hiyo ni ndefu. Nikageuza karatasi upande wa pili.