Mjane na Azunguke Bwawa

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwanangu, mamamkwe wangu alipomtukana bata bukini hadi watu waliokuwa wakikimbia na mbwa wao wakasimama kututazama. Nitafika huko. Kwanza ujue kwamba nakuandikia nikiwa na hasira, na sina mpango wa kuificha.

Jumapili baada ya ibada, wewe na wenzako wa kamati mlinifuata kwenye maegesho ya magari. Mlikuwa mmevaa vizuri, mnaongea kwa adabu. Mkaniomba, kwa kuwa mimi ni mama mzee na ni mjane, niende kumwonya Furaha. Mume wake amezikwa theluji ikiwa bado chini, kilio hakijaondolewa, na huku nyuma anaonekana kila asubuhi akizunguka bwawa lililo nyuma ya magorofa yao, tena amevaa viatu vya michezo. Mkasema watu wanaongea. Nikawaambia nitafikiri. Basi nimefikiri, na jibu langu nitakupa, lakini utalipata baada ya kunisikiliza.

Sikuwa nimefika miaka thelathini. Tulikuwa tunaishi Alexandria ya huku ughaibuni, upande ule wa magharibi wenye magorofa mengi, mimi na mume wangu Bahati na mama yake mzazi. Sote watu wa Uvira, tuliopitia kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa huku. Bahati alikuwa dereva wa teksi. Alifariki mwezi wa kwanza, moyo tu, akiwa kwenye foleni ya teksi za uwanja wa ndege, injini inawaka na redio inaongea. Dereva wa nyuma alipiga honi kwa muda mrefu kabla ya kushuka kwenda kuangalia. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Watu walikuja, na kwa siku zile za kwanza sitawasema vibaya. Walisukuma makochi ukutani, wakatandika godoro chini, wakanikalisha. Walipika fufu na sombe ya majani ya muhogo na ndagala, wale dagaa wa kwetu, wakaimba na kusali zamu kwa zamu. Peke yangu ningeanguka, nakiri hilo. Shida ilianza pale siku za kulia zilipoisha na siku za kukaa zikaanza.

Unajua utaratibu wetu, ingawa wewe umezaliwa huku. Mjane hatoki nje mpaka kilio kiondolewe, na anayekiondoa ni mkubwa wa ukoo wa marehemu. Kwetu jambo hili halikuwa na ugumu. Mkubwa wa ukoo alikuwa anaishi kilima cha pili, anakuja kwa miguu, anasema maneno yake, mjane ananawishwa, anavuliwa kitambaa cheusi, watu wanakula, maisha yanaendelea. Sasa mkubwa wa ukoo wa Bahati alikuwa kaka yake Mulonda, na Mulonda alikuwa bado kambini Kigoma, anangoja viza.

Umeelewa? Kilio changu kilikuwa kinangoja viza. Mulonda alikuwa amefanya mahojiano, halafu akaambiwa apime kifua, halafu mahojiano mengine, halafu angoje. Na mimi nilikuwa nangoja pamoja naye, chini kwenye godoro, kitambaa cheusi kichwani, mapazia yamefungwa. Kila aliyeingia alisema, "Vumilia, Mulonda iko njiani." Alikuwa njiani mwezi wa kwanza, alikuwa njiani mwezi wa pili. Hata leo nikikumbuka neno hilo, "vumilia," natamani kuvunja sahani.

Miguu ikavimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kwenda kliniki kina mama walikuwa wananiruhusu, nikiwa nimefunikwa kitenge hadi karibu na macho, na dokta alipoona ile miguu akasema wazi: mwanamke mwenye mimba akikaa hivi bila kutembea, damu inaweza kuganda mguuni, ikipanda kifuani anakufa yeye na mtoto. Akasema nitembee kila siku. Nikarudi nikawaambia kina mama waliokuwa zamu nyumbani. Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene wa sauti, sitamtaja jina kwa sababu wajukuu wake wanaimba kwaya na wewe, akanijibu bila kuacha kuchambua mchele.

"Dokta hajuwe kilio yetu. Yeye akipoteza bwana, kesho iko kazini."

Wengine wakacheka kidogo. Mamamkwe wangu alikuwa jikoni, mgongo umetuelekea. Yeye hakuwa mtu wa maneno, na tangu mwanawe azikwe nilikuwa sijamwona akilia, nilikuwa namwona akiosha sufuria tu. Ukitaka kujua ukweli, nilikuwa namchukia kwa hilo.

Kesho yake asubuhi, kabla wa zamu hawajafika, alinivuta blanketi.

"Simama."

Nikamuuliza tunakwenda wapi.

"Inje. Dokta alisema utembee, njo tutatembea. Mi nilishazika mutoto moya. Sitazika bengine juu ya viza ya Mulonda."

Akanivalisha viatu vya Bahati, kwa sababu vyangu havikuingia tena. Tukashuka ngazi.

Nasi tulikuwa na bwawa nyuma ya magorofa yetu, na halikuwa la kupigia picha. Lilichimbwa kupokea maji ya mvua yanayotoka kwenye maegesho, lina uzio mfupi, njia ya lami kulizunguka, na takataka za plastiki zimenasa kwenye majani makavu. Ukingoni bado kulikuwa na barafu nyembamba ya kijivu. Miti yote ilikuwa mifagio. Nilizunguka mara moja nikihema, nikafikiri kazi imekwisha. Tulipofika mlangoni akanishika mkono.

"Kesho tutarudia. Na utaniambia kitu moya yenye leo haikukuwa pale. Kama hauna ya kuniambia, tutazunguka tena."

Hakusema kwa upole, mwanangu, usije ukafikiri. Alisema kama mtu anayekutuma maji. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaogopa. Nilikuwa nimeanza kutojibu nikiulizwa, na yeye aliwahi kuona kambini wanawake walionyamaza hivyo, wakaenda moja kwa moja hadi kaburini.

Basi tukawa tunatoka kila asubuhi. Siku ya kwanza nilimwambia barafu imeondoka, nikasema kwa jeuri. Siku nyingine nikamwambia mti ule wa pembeni una vidonge vyekundu kwenye matawi, kabla hata ya majani. Siku nyingine yeye mwenyewe akakuta majani ya kijani yanachomoza chini ya uzio, akainama, akanusa, akaniuliza ni nani aliyepanda vitunguu mahali pa kijinga namna hii. Hayakuwa vitunguu, yalikuja kutoa maua ya njano. Halafu jua likatoka siku mbili mfululizo, na vyura wadogo wakaanza kupiga kelele kwenye ile kona ya matope, wengi kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti. Kasa walipanda juu ya gogo wakakaa mmoja nyuma ya mwingine. Ndege mweusi mwenye doa jekundu begani alikaa juu ya tete kavu na kutufokea kila tulipopita.

Na mimi nilivichukia vyote. Watu wanaoandika kuhusu majira haya wanaandika kana kwamba ua likichanua na moyo unapona. Uongo. Nilikuwa nikiona ule mti unageuka mwekundu, nasikia hasira inapanda. Ulikuwa umekufa, nimeuona kwa macho yangu, ni nani aliyeupa ruhusa kurudi? Vyura walikuwa chini ya matope wakati wote Bahati anakaa chini ya udongo, na wao wametoka wanaimba. Siku moja nilisimama katikati ya njia nikamwambia mamamkwe kwamba natamani baridi irudi iue kila kitu pale, na kwamba sitatembea tena.

Akanigeukia.

"Kasirika," akasema. "Mi sikukuambia ufurahi. Lakini kasirika huku unatembea. Ukikasirika chini kwa godoro, iko mutoto ndiyo atalipa."

Kisha akaendelea mbele bila kungoja, na mimi nikamfuata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

Sasa tumefika kwa bata bukini. Kulikuwa na wawili, dume na jike, wamejenga kiota karibu kabisa na njia. Asubuhi ile jike alikuwa amelalia mayai, na dume alipotuona akanyoosha shingo, akafungua mabawa, akatujia akizomea. Mimi nikarudi nyuma. Mamamkwe hakurudi. Alisimama na koti lake kubwa la kiume, akamnyooshea kidole.

"Weye unanipigia mie kelele? Uko na bibi yako pale, uko na mayayi, umelala vizuri, na bado unanifukuza? Mutoto yangu alikuwa mutu. Alikuwa anasali. Alikuwa analipa nyumba. Yeye hakurudia, na weye bata umerudia. Weye ni nani ya kurudia?"

Aliendelea, na maneno mengine siwezi kuyaandika. Yule bata alikunja mabawa, akarudi kiotani. Ndipo mamamkwe akaketi kwenye benchi, akaweka mikono usoni, akalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike Bahati. Nikakaa kando yake. Nikajua kwamba wakati wote ule nilipokuwa nikimchukia kwa kutolia, alikuwa ameshikilia kilio chake ili mimi nisife. Nilimshika mkono, na tukalia wote wawili pale, na watu wa mbwa wakatupita kwa heshima.

Hapo ndipo wakatukuta. Mwenyekiti na kina mama wengine wawili walikuwa wamefika nyumbani, wakakuta mlango umefungwa, wakaelekezwa na jirani. Mwenyekiti alisimama mbele yetu, mkoba mkononi.

"Veve nzima, mujane, na tumbo, inatembea mbele ya bazungu sawa mutalii," akasema. "Munataka Mulonda aambiwe nini?"

Mamamkwe alifuta uso kwa ukingo wa kitenge. Akasimama.

"Mulonda nilimuzaa mie. Bahati nilimuzaa mie. Kama munatafuta mukubwa wa ukoo, muko naye hapa."

Akatoa chupa ya maji ya kunywa kwenye mfuko wa koti. Akaniambia ninyooshe mikono, akanimwagia, akaninawisha uso. Yalikuwa maji baridi mpaka meno yakauma. Kisha akafungua kile kitambaa cheusi kichwani mwangu, akakikunja, akakitia mfukoni. Akasema, "Bahati, mutoto yangu, lala. Bibi yako nimemuachilia." Akawageukia wale kina mama. "Kilio imeisha. Muende."

Nilijifungua mwezi wa tano, mtoto wa kike, salama. Leo ni mtu mzima, nikimpigia simu kwa Kiswahili ananijibu "I'm driving, Mom," na kila akinijibu hivyo namshukuru Mungu kwamba anajibu. Mulonda alifika huyo mtoto akiwa tayari anakimbia. Hebu fikiria mwenyewe ningekuwa nimekaa juu ya godoro hadi lini.

Lakini mamamkwe alilipa. Walimwondoa kwenye kwaya ya wazee, pole pole, bila kumwambia kitu. Hawakumpigia tena simu za kumjulia hali. Akipita kanisani walikuwa wanainua mikoba yao na kuiweka kwenye kiti kilichokuwa wazi. Alikaa hivyo miaka, mama yule, hakuomba msamaha, na hakuombwa. Alipofariki, wote walikuja kwenye kilio chake. Mwenyekiti alilia kuliko watu wote, na akala vizuri. Nilimpakulia mwenyewe, na sikusema neno, na ukimya huo ndio unaonichoma hadi leo. Kwa hiyo sinyamazi tena.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Utaratibu wetu wa kulia ni mzuri, na wewe uushike, kwa sababu bila watu wale wa siku za kwanza mimi nisingekuwepo kukuandikia. Lakini uliwekwa kwa ajili ya aliyebaki hai, usimvike kama mnyororo. Watu wakikwambia mfiwa hakai inavyotakiwa, waulize walimwona lini mara ya mwisho, walimletea nini, miguu yake ikoje. Kama hawajui, hawana la kusema, hata kama wana mvi kama mimi. Na ukitaka kumsaidia mtu aliyefiwa, usimpelekee maneno ya kuvumilia. Mgongee mlango asubuhi, umtoe nje, umtembeze palipo na maji au miti au chochote kinachobadilika. Akitukana, mwache atukane. Usimwambie maua ni mazuri. Tembea naye tu, kesho urudi.

Kuhusu Furaha, mlinituma, na nimekwenda. Leo asubuhi nimezunguka naye lile bwawa, nikichechemea na goti langu hili bovu, na kesho nitakwenda tena. Waambie wanaoongea kwamba sasa wana wajane wawili wa kuwaongelea.

Na wewe Mungu akubariki, maana najua ulitumwa. Akuepushe na msiba kwa muda mrefu awezavyo. Na siku utakapokufika, asikuache mikononi mwa watu wapole. Akupe mtu mmoja mkali, mwenye mapenzi, wa kukuvuta blanketi. Amina.